Lane: Mpasuaji aliyeunga mifupa kwa skrubu na bisibisi

MTU anapovunjika mguu siku hizi, hasa baada ya ajali ya bodaboda, jamaa zake huulizana kama atafungwa plasta au atatiwa vyuma. Kutiwa vyuma ni jambo lililozoeleka, na wapo wengi wanaotembea mitaani wakiwa na bamba na skrubu ndani ya paja au muundi bila yeyote kutambua.

Lakini kuna wakati ambapo daktari aliyethubutu kupasua ngozi nzima, isiyochanika, ili aukaze mfupa kwa skrubu, alihesabiwa na wenzake kuwa mtu wa hatari. Mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na mguu uliopinda, lakini alikuwa hai. Kumpasua kulikuwa sawa na kuufungulia usaha mlango, na usaha uliingia na mauti nyuma yake.

Aliyeuvunja mwiko huo mchana kweupe, na kuendelea kuuvunja mwaka baada ya mwaka hadi ulimwengu ukamsikiliza, ni Sir William Arbuthnot Lane, mpasuaji wa hospitali ya Guy's jijini London.

Maisha yake yana mafunzo mawili. La kwanza ni jinsi mkono uliozingatia kipimo na usafi ulivyowarejeshea vibarua miguu yao. La pili ni jinsi mtu yuyo huyo, aliyekuwa makini mno katika mifupa, alivyokosa kipimo alipogeukia matumbo ya watu.

Mtoto wa kambini

Lane alizaliwa Julai 4, 1856, katika ngome ya kijeshi ya Fort George, karibu na mji wa Inverness, Scotland. Babake, Benjamin Lane, alikuwa daktari wa jeshi la Uingereza, na familia ilihamahama kila kikosi kilipoamriwa kwenda.

Mnamo 1872, akiwa kijana wa miaka 16 tu, aliingia Guy's kusomea udaktari. Hospitali hiyo iko kusini mwa mto Thames, hatua chache kutoka Daraja la London. Enzi hizo eneo hilo lilikuwa limesongamana gati za meli, maghala, viwanda vya ngozi na vya pombe.

Waliofika hapo kutibiwa walikuwa makuli wa bandarini, wachukuzi wa makaa ya mawe, waendeshaji wa mikokoteni ya mapipa na mafundi wa viatu. Walikuwa watu walioishi kwa nguvu za mikono na miguu yao, na ambao siku bila kazi ilikuwa siku bila mkate.

Lane alipanda ngazi kwa haraka. Mnamo 1882 alipata shahada ya juu ya Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji. Mwaka uliofuata aliajiriwa pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, na kufikia 1888 alikuwa mpasuaji msaidizi katika hospitali yake ya Guy's.

Mifupa ya vibarua

Kabla ya kuwa maarufu kwa kisu, Lane alifundisha anatomia. Kazi hiyo ilimweka kwa miaka mingi katika chumba cha kuchanjia maiti, na maiti zilizoletwa humo nyingi zilikuwa za mafukara waliochoshwa na kazi za sulubu.

Wenzake waliitazama miili hiyo ili waonyeshe wanafunzi mahali mshipa huu au ule unapopita. Lane aliitazama akitafuta jambo jingine. Alitaka kujua marehemu alikuwa akifanya kazi gani.

Aligundua kwamba kazi huacha alama mfupani. Aliyebeba mizigo ya makaa begani kwa miaka mingi alikuwa na uti wa mgongo na viungo vilivyobadilika kwa namna moja. Aliyeshughulika na mapipa ya pombe alikuwa na mabadiliko ya namna nyingine. Mnamo 1888 alichapisha uchunguzi wake kuhusu mwili wa fundi wa viatu, ambaye kuinama na kuvuta nyuzi maisha yake yote kulikuwa kumekiumba upya kiunzi chake.

Ni katika chumba hicho alipokumbana na miguu iliyowahi kuvunjika. Mifupa ilikuwa imeshikana, naam, lakini imeshikana vibaya. Ncha moja ilikuwa imepanda juu ya nyingine, na mguu ukawa mfupi na kupinda. Zaidi ya hayo, viungo vilivyo juu na chini ya mvunjiko vilikuwa vimelika upande mmoja, kwa kuwa uzito wa mwili haukuwa ukipita mahali pake.

Katika daftari za hospitali watu hao walikuwa wameandikwa kuwa wamepona. Mezani pa Lane, mifupa yao ilitoa ushahidi tofauti.

Tangu hapo akashikilia msimamo ambao haukuwafurahisha wengi. Kwake, kupona kwa kibarua kulipaswa kupimwa kwa swali moja: je, amerudi kwenye kazi yake ya awali na kupata ujira ule ule? Kuli aliyeondoka hospitalini akichechemea, asiyeweza tena kupanda ubao wa meli na gunia begani, hakuwa amepona hata kama mfupa ulikuwa umeshikana.

Mabanzi na subira

Ili kuelewa uzito wa alichokifanya, ni vyema kukumbuka jinsi mvunjiko ulivyotibiwa wakati huo. Daktari aliuvuta mguu, akaupapasa kwa vidole kutafuta ncha za mfupa, akaunyoosha kwa makisio, kisha akaufunga kwa mabanzi au plasta. Mgonjwa alilazwa kwa majuma mengi na kusubiri.

Hakukuwa na eksirei. Wilhelm Röntgen aligundua miale hiyo nchini Ujerumani mwishoni mwa 1895. Kabla ya hapo, yaliyokuwa yakiendelea chini ya ngozi yalibaki kuwa siri hadi mgonjwa aliposimama, au hadi alipofika katika chumba cha maiti.

Mvunjiko uliosumbua kupita yote ni ule wa muundi uliokatika kimshazari. Misuli ya mguu huvuta wakati wote, na ncha mbili za mshazari huteleza moja juu ya nyingine kama mbao mbili zilizopakwa mafuta. Mabanzi hushika ngozi na nyama kwa nje. Hayana namna ya kuzuia mfupa kuteleza kwa ndani.

Wazo la kuushika mfupa wenyewe kwa madini halikuzuliwa na Lane. Joseph Lister, baba wa upasuaji usio na usaha, alishona kilegesambwa kilichovunjika kwa waya wa fedha jijini London mnamo 1877. Huko Hamburg, Carl Hansmann alieleza mnamo 1886 jinsi alivyotumia mabamba na skrubu ambazo sehemu zake zilitokeza nje ya ngozi ili ziondolewe baadaye.

Wengi walivitumia vifaa hivyo kwa nadra, na kwa hofu. Lane alitaka viwe tiba ya kawaida kwa mivunjiko isiyonyooka.

Skrubu katika tishu hai

Mwanzoni mwa miaka ya 1890, Lane alianza kufungua mivunjiko ya mshazari ya muundi, kuzirudisha ncha mahali pake huku akiziona kwa macho, na kuzikaza kwa skrubu za chuma cha pua. Mnamo 1894 aliwasilisha njia hiyo mbele ya chama cha madaktari cha London, akidai kwamba ilikuwa bora kuliko zilizokuwa zikitumika.

Skrubu hizo hazikutofautiana sana na za seremala, na yeyote aliyewahi kuunga mbao atafahamu changamoto iliyomkabili. Tundu likitobolewa kwa keekee pana mno, meno ya skrubu hayapati pa kung'ata. Likiwa jembamba mno, skrubu hupasua mfupa inapokazwa. Ikiingizwa upande, huzisukuma ncha badala ya kuzivuta pamoja.

Tofauti ni kwamba ubao hauna uhai. Mfupa una damu, umezungukwa na mishipa na neva, na keekee inayotoboa kwa kasi huutia joto ambalo huua tishu pembeni mwa tundu. Skrubu iliyokazwa katika tishu iliyokufa hulegea baada ya muda, na chuma kinacholegea ndani ya mwili huwa chanzo cha maumivu na maradhi.

Ndiyo maana swali la tundu lipite wapi, kwa upana gani na kwa mwelekeo upi, limewashughulisha wapasuaji tangu zama za Lane hadi leo.

Baadaye aliongeza mabamba ya chuma, yaliyolazwa juu ya mfupa na kushikiliwa kwa skrubu pande zote mbili za mvunjiko. Mnamo 1905 alichapisha kitabu kuhusu kutibu mivunjiko kwa upasuaji, kikieleza mbinu na vifaa vyake. Mabamba ya Lane yakaanza kusafiri hadi Ulaya bara na Marekani.

Mikono isiyogusa

Hata hivyo, ustadi wa skrubu pekee haungemwokoa mgonjwa. Adui mkuu alikuwa viini vya maradhi. Dawa za kuviua mwilini hazikuwepo. Penisilini ilikuja kutumika kwa wagonjwa miongo mitano baadaye.

Lane alilitatua tatizo hilo kwa ukali wa nidhamu. Alishikilia kwamba hakuna kidole, hata kilichovikwa glavu, kinachoruhusiwa kugusa kidonda. Alitumia koleo, vishikio na bisibisi zenye mipini mirefu, ili mkono ubaki mbali na mfupa.

Sehemu ya kifaa iliyoshikwa mkononi haikuruhusiwa kuingia mwilini, na sehemu iliyoingia mwilini haikuruhusiwa kushikwa. Ngozi ya mgonjwa ilifunikwa kwa vitambaa vilivyochemshwa na kubanwa ukingoni mwa jeraha, kwa kuwa ngozi nayo ina viini. Hata uzi wa kushonea ulipitishwa kwenye sindano kwa koleo.

Njia hiyo ilijulikana kama upasuaji usiogusa. Waliomtazama akifanya kazi walistaajabia utulivu wake na wepesi wa vidole vyake, ambavyo viliongoza vyuma virefu kana kwamba ni kalamu.

Ilipowasili eksirei, Lane alipata shahidi asiyeweza kuhongwa. Picha zilionyesha kwamba mifupa mingi iliyodhaniwa kunyooshwa kwa mikono ilikuwa bado imepishana. Wagonjwa nao wakaanza kuziona picha zao wenyewe, na madaktari waliozoea kusema kwamba mambo ni shwari wakajikuta pabaya.

Waliomuiga na waliompinga

Upinzani haukukosekana. Wengi walisema kwamba Lane alikuwa akihatarisha maisha kwa jambo ambalo asili na subira zingelitatua. Huko Ufaransa, Just Lucas-Championnière alifundisha kwamba mvunjiko unahitaji kukandwa na kusogezwa mapema. Huko Liverpool, Robert Jones alikuwa akionyesha jinsi mabanzi yaliyotengenezwa vyema yanavyoweza kufanikisha mengi bila kisu.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwa wale waliomuiga. Madaktari waliosoma kuhusu mabamba yake waliyanunua, wakayatia kwa vidole vyao katika vyumba visivyo safi vya kutosha, na wagonjwa wakaoza miguu. Baadhi walikatwa viungo. Baadhi walikufa.

Walionunua bamba walidhani wamenunua ujuzi. Nidhamu ya chumba cha upasuaji haikuwa ikiuzwa pamoja na chuma, na bila nidhamu hiyo bamba lilikuwa kipande cha chuma kilichofukiwa katika usaha.

Mzozo ulipopamba moto, Chama cha Madaktari cha Uingereza kiliunda kamati ya kuchunguza matokeo ya njia zote mbili. Ripoti yake ya 1912 haikumpa upande wowote ushindi kamili. Ilikubali kwamba upasuaji uliwafaa watu wazima wengi, kwamba watoto walipona vyema bila kisu, na kwamba kazi hiyo iachiwe wenye ujuzi na vifaa.

Lilikuwapo pia tatizo ambalo usafi wa Lane haukuweza kulitibu. Chuma alichotumia kilishika kutu mwilini na kuvunjika. Mnamo 1912, William O'Neill Sherman, mpasuaji wa kampuni ya chuma huko Pittsburgh, Marekani, alitoa bamba lenye umbo jipya na madini imara zaidi, pamoja na skrubu zilizojichongea njia mfupani. Bamba la Sherman likachukua nafasi ya lile la Lane.

Kisu kilipopotea njia

Mnamo 1913 Lane alitunukiwa cheo cha Baroneti na kuitwa Sir. Alikuwa miongoni mwa wapasuaji mashuhuri kabisa wa Uingereza. Mbali na mifupa, alikuwa ameshona makaakaa ya watoto wachanga waliozaliwa yakiwa yamepasuka, na kubuni njia za kuwaokoa watoto wenye usaha masikioni na vifuani.

Lakini miaka hiyo hiyo ndiyo iliyokitia doa kisa chake. Lane alikuwa ameamini kwamba kufunga choo ndicho kiini cha magonjwa mengi ya watu wa mijini. Uchafu unaokaa utumboni, alifundisha, hutoa sumu inayoenea mwilini na kuleta uchovu, maumivu ya viungo, huzuni, hata saratani.

Hakuwa peke yake. Élie Metchnikoff wa Taasisi ya Pasteur jijini Paris, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya 1908, alikuwa akiuona utumbo mpana kuwa ghala la sumu. Tofauti ni kwamba Lane alikuwa na kisu mkononi.

Alianza kwa kuunganisha utumbo mwembamba na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Baadaye akaanza kuuondoa utumbo mpana wenyewe. Wagonjwa, wengi wao wanawake, walipasuliwa kwa sababu ya ugonjwa ambao haukuwa na kipimo cha kuuthibitisha. Wapo waliosema wamepata nafuu. Wapo waliofariki.

Mnamo 1913 Chama cha Kifalme cha Tiba kiliandaa mjadala mrefu kuhusu nadharia hiyo ya sumu ya utumbo, na wakosoaji walikuwa wengi. Waliuliza swali rahisi: sumu yenyewe ni ipi, na imeonekana wapi? Jibu la kuridhisha halikupatikana.

Wachambuzi wa fasihi wamemhusisha pia na tamthilia ya George Bernard Shaw iliyoigizwa mara ya kwanza London mnamo 1906, ambamo kuna mpasuaji anayedhani kila maradhi hutoka katika kiungo kimoja, na kwamba kila mtu anafaa kukatwa kiungo hicho.

Hapa ndipo mtu anapolazimika kutua na kufikiri. Katika mfupa, Lane alianza kwa kutazama. Aliona mifupa iliyopinda, akapima hasara, akatoa tiba, na eksirei ikamhukumu mbele ya watu wote. Katika utumbo alianza kwa imani, na hapakuwa na picha ya kumwambia kwamba amekosea. Ustadi wa mkono ulikuwa ule ule. Kilichokosekana ni kipimo cha nje cha kuusahihisha.

Na kwa kuwa alikuwa mpasuaji hodari, kosa lake lilienda mbali kuliko la mtu dhaifu. Wagonjwa walimwamini kwa sababu ya sifa alizozipata kihalali katika mifupa.

Vita na uzeeni

Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka 1914, Lane alirudi katika mazingira aliyozaliwa, yaani jeshini. Akiwa mshauri wa upasuaji huko Aldershot, alimuunga mkono Harold Gillies, kijana kutoka New Zealand aliyetaka kuwarekebisha nyuso wanajeshi waliopigwa risasi na vigae vya mizinga.

Kazi ya Gillies ilianzia katika hospitali ya kijeshi ya Aldershot, kisha mnamo 1917 ikahamia katika hospitali maalumu iliyofunguliwa Sidcup, kusini mashariki mwa London. Upasuaji wa kisasa wa kurekebisha nyuso una mizizi yake hapo, na msaada wa Lane ulikuwa sehemu ya udongo ulioilisha mizizi hiyo.

Baada ya vita aliweka kisu kando. Imani yake kuhusu utumbo haikuondoka, lakini tiba aliyoihubiri ilibadilika. Badala ya kukata, alianza kuwahimiza watu wale mboga, matunda na mkate wa unga usiokobolewa, waote jua na kuushughulisha mwili.

Katikati ya miaka ya 1920 alianzisha shirika la kueneza afya kwa umma, akaandika magazetini na kuhutubia mikutano. Kanuni za udaktari wa Uingereza zilikataza daktari kujitangaza kwa namna hiyo. Ili aweze kusema bila pingamizi, mnamo 1933 aliliondoa jina lake katika orodha ya madaktari waliosajiliwa. Mtu aliyekuwa kileleni mwa taaluma akaiaga taaluma kwa hiari yake.

Alifariki jijini London Januari 16, 1943, akiwa na umri wa miaka 86. Vita vingine vikuu vilikuwa vikiendelea, na hospitali zilikuwa zimejaa vijana waliovunjika mifupa.

Urithi wake hadi Afrika Mashariki

Wazo la chakula lilipata uhai mpya kupitia ardhi yetu. Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa miaka mingi baada ya 1946, alilinganisha vyakula vya Waafrika wa mashambani na vya Wazungu wa mijini. Katika miaka ya 1970 aliushawishi ulimwengu kwamba nyuzinyuzi za vyakula visivyokobolewa ni kinga ya utumbo. Hilo halikuhalalisha visu vya Lane, lakini lilionyesha kwamba ushauri wake wa uzeeni haukuwa wa kupuuzwa.

Kuhusu mifupa, njia aliyoifungua imekuwa barabara kuu. Mbelgiji Robert Danis alionyesha mwishoni mwa miaka ya 1940 kwamba mfupa ukibanwa sawasawa kwa bamba na skrubu unaweza kushikana bila hata kuvimba. Mnamo 1958 Maurice Müller na wenzake nchini Uswisi walianzisha kundi lililoweka vipimo vya skrubu, keekee na mabamba, na mafunzo ya kuvitumia, ili ustadi usiwe siri ya mtu mmoja.

Leo skrubu huingizwa hata katika uti wa mgongo, kupitia daraja jembamba la mfupa lililo pembeni mwa uti wenyewe wa fahamu. Jijini Paris, Raymond Roy-Camille alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kazi hiyo katika miaka ya 1960. Hapo wapasuaji hupima usahihi kwa hatua za milimita 2: skrubu iliyo ndani ya mfupa kabisa, iliyotoka kwa chini ya milimita 2, ya kati ya 2 na 4, na kuendelea. Milimita chache zinaweza kutenganisha anayetembea na aliyepooza.

Katika nchi tajiri kazi hiyo husaidiwa na kompyuta, mashine za eksirei zinazoonyesha picha papo hapo, na hata roboti. Lakini hospitali nyingi duniani hazina uwezo huo.

Ndiyo sababu shirika moja la Marekani, SIGN, lililoanzishwa 1999, lilibuni chuma cha kutiwa ndani ya mfupa wa paja au muundi pamoja na mkono wa nje unaomwonyesha mpasuaji mahali pa kutoboa. Kwa mkono huo skrubu huweza kupita katika tundu la chuma kilichofichika bila mashine ya picha. Vyuma hivyo vimetumika katika hospitali kadhaa za Kenya na nchi jirani, kwa watu ambao wengi wao ni majeruhi wa barabarani.

Lane angeielewa kazi hiyo mara moja. Ni keekee, skrubu, bisibisi, na swali lile lile la tundu lipite wapi. Na mgonjwa ni yule yule: mchukuzi, dereva wa bodaboda, mkulima, mtu ambaye mguu wake ndio shamba lake.

Huenda ndiyo njia ya haki ya kumkumbuka. Alipowasikiliza vibarua hao na kukubali kupimwa kwa kurudi kwao kazini, aliacha tiba ambayo haijaisha hadi leo. Alipoacha kupimwa, hata mkono wake uliosifika haukumzuia kuwaumiza watu. Kila anayetia skrubu mfupani anahitaji kuyakumbuka yote mawili.